Siku kumi za kujifunza utayarishaji wa filamu za hali halisi Kigoma: tathmini ya mshiriki

Tangazo la mafunzo haya lilibandikwa ukutani pale Mwanga, mjini Kigoma, likiwa na picha ya kamera kubwa na maneno yaliyoahidi kwamba baada ya siku kumi mshiriki atakuwa mtayarishaji wa filamu za hali halisi. Nililipa shilingi 380,000, nikachukua likizo yangu ya mwaka kutoka redio ninayofanyia kazi, nikahudhuria siku zote kumi bila kukosa hata moja. Naandika kwa ajili ya vijana wa Kigoma, Kasulu na Uvinza ambao tangu hapo wamekuwa wakiniuliza kama fedha hiyo ina maana. Waandaaji sitawataja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya ninayoyasema hapa ni lawama na nimekwisha kuwaeleza ana kwa ana. Mji wetu si mkubwa, na anayewatafuta hatachelewa kuwapata.

Niseme mapema kwamba ile picha ya kamera ilitupotosha, na kidogo tu ingeyavunja mafunzo yenyewe. Kati ya washiriki 14, wengi walikuwa wapiga picha za harusi na mahafali waliokuja kushika kifaa kikubwa kuliko walivyonavyo, lakini kifaa hicho kilikaa ndani ya mfuko wake hadi siku ya tano. Siku ya pili mchana wawili walidai warudishiwe fedha zao, na mmoja wao hakurudi tena. Mimi nilibaki kwa sababu ya jambo ambalo mwalimu alilieleza asubuhi hiyohiyo kwa utaratibu ambao sijawahi kuusikia kwingine. Mpiga picha ndiye anayerekodi, mwongozaji ndiye anayeamua kitakachoonekana na namna kitakavyoonekana, na mtayarishaji ndiye anayehakikisha kwamba filamu yenyewe inakuwapo: anatafuta fedha, anaomba vibali, anaandika mikataba, anajenga imani ya wanaorekodiwa, anatunza kilichorekodiwa, kisha anakipeleka kwa watazamaji na kubaki akiwajibika kwa kila neno lililosemwa ndani yake. Katika miji kama wetu mtu mmoja hubeba kazi zote tatu, na ndiyo maana wengi wetu hatukujua kwamba ni kazi tatu.

Zoezi la kwanza lilikuwa bajeti ya filamu ya dakika 26 kuhusu dagaa wa Kibirizi. Kama wenzangu karibu wote, nilianza na bei ya kamera. Mwalimu aliukata mstari huo kwa kalamu nyekundu, akaniuliza nitawalipa nini wenye mtumbwi katika siku za mbalamwezi. Nilinyamaza, na mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa mwanga huwavuta kuja juu. Mwezi unapopevuka taa hupoteza nguvu yake na wavuvi wengi hupumzika, hivyo timu iliyopanga safari yake bila kutazama kalenda ya mwezi hukaa nyumba ya wageni ikila posho huku mitumbwi imelala ufukweni. Alitukumbusha pia mwaka 2024, ambapo Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Aliyekuwa amepanga kurekodi uvuvi katika miezi hiyo ilimpasa ama aahirishe, ama akubali kwamba filamu yake sasa inahusu ufukwe usio na dagaa. Huo wa pili, kwa maoni yangu, ndio uamuzi wa mtayarishaji hasa.

Bajeti yangu ilianza na shilingi 2,400,000 na kuishia 7,150,000, bila kununua kamera hata moja. Yaliyoingia ni kukodi vifaa, mafuta ya injini ya boti, jaketi okozi kwa kila atakayepanda, diski za kuhifadhia, posho za wasaidizi, ada za vibali, akiba ya asilimia 10 kwa yasiyotarajiwa, na fungu ambalo nisingelikumbuka kamwe, yaani kuandika na kutafsiri mahojiano. Mahojiano ya saa moja kwa Kiha yalinichukua siku nzima kuyaandika neno kwa neno na kuyatafsiri kwa Kiswahili, na filamu ya dakika 26 inaweza kuwa na saa 20 za mahojiano nyuma yake. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kunionyesha kwa nini filamu ndefu ya hali halisi, ile ya dakika 52 ambayo vituo vingi vya televisheni huipangia saa nzima, huweza kula miaka miwili au mitatu ya maisha ya mtu.

Siku ya tatu ilikuwa ya vibali. Wengine walisinzia, mimi nilijaza kurasa tisa. Tulifundishwa nafasi ya Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kisha tukapewa mazoezi ya kupanga maombi kwa mfuatano: anayetaka kurekodi ndani ya Hifadhi ya Gombe aanze na TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, anayetaka kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ajue kwamba mlango wake uko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na anayetaka kurusha droni asiitoe kwenye sanduku kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Somo hili lilikuwa zuri kwa sababu halikuishia Dodoma na Dar es Salaam. Mwalimu alituonyesha kwamba kibali kikubwa kisichopitia ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mtendaji wa kijiji, hakimsaidii mtu siku atakapozungukwa na vijana wa ufukweni wanaotaka kujua anarekodi kwa ruhusa ya nani. Alitaka barua zote ziwe na nakala, na nakala zikae kwa mtu mwingine aliye mahali pengine. Kwa miaka sita ya redio nimefanya mahojiano kwa kujitambulisha tu kwa mdomo. Nilitoka pale nikijiona nimekuwa nikitembea gizani bila kujikwaa.

Ilipofika zamu ya kila mmoja kutoa wazo lake la filamu, tulijifunza kwa aibu kidogo. Watano kati yetu, mimi nikiwamo, tulikuja na meli ya Liemba. Nani wa Kigoma asiyeijua habari yake? Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi kwenye ziwa letu, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina tunalolijua. Mwalimu alitusikiliza wote watano hadi mwisho, kisha akasema, “Hiyo ni historia, nayo imekwisha kuandikwa. Filamu iko wapi?” Alitaka tumtaje mtu mmoja aliye hai, anachokihangaikia hivi sasa, kinachomzuia, na sababu ya yeye kukubali tuwe karibu naye kwa miezi mingi. Mwenzetu mmoja, kijana wa Buzebazeba, alilibadilisha wazo lake papo hapo likawa la babu yake aliyewahi kufanya kazi ya ufundi wa injini na ambaye bado anaandika daftarini kila meli inayoingia bandarini. Wazo hilo lilishinda yote. Mimi niliiacha Liemba, nikaenda kwa waanika dagaa.

Kwa upande wa utunzaji wa kumbukumbu, mwalimu aliitumia Gombe kwa namna iliyonifurahisha. Kila mtu hapa anajua kwamba Jane Goodall alifika huko Julai 1960 kuchunguza sokwe. Wachache wanakumbuka kwamba mpiga picha Hugo van Lawick alimfuata mwaka 1962, na kwamba zaidi ya saa 100 za filamu alizorekodi zilikaa miongo mingi zikidhaniwa zimepotea, zikaonekana tena mwaka 2014, na mwaka 2017 mwongozaji Brett Morgen akatoa filamu nzima iliyotokana nazo. Kutoka hapo tuliingia kwenye kanuni ya nakala tatu, moja kati yake ilale nyumba nyingine, na kwenye utaratibu wa kuandika tarehe, mahali na majina ya watu jioni ileile badala ya kusubiri wiki iishe. Wengine walicheka kwamba hiyo ni kazi ya karani. Siku ya sita mmoja wa waliocheka aliifuta kadi yenye mahojiano ya asubuhi nzima kabla hajainakili popote, na hakuna aliyecheka tena.

Siku iliyonifaa kuliko zote ni ya nne. Tulipelekwa Kibirizi mikono mitupu, bila kamera na bila simu, tukaambiwa kila mmoja azungumze na mtu mmoja kwa saa tatu kisha arudi na majina, hesabu na maswali. Nilikaa na mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa juu ya chanja. Nilimwamkia, akaitikia, kisha kwa muda mrefu hakusema kitu, nami nikaona nisikae bure, nikaanza kumsaidia kugeuza. Alipoanza kusema, aliuliza yeye kwanza.

“Mwanangu, wewe ni wa wale wa picha?”

“Ndiyo mama, lakini leo sikuja na kamera.”

“Walikuja wengine ziwa lilipofungwa. Wakatupiga picha tumekaa tu, hatuna kazi. Tukaomba nasi tuone. Wakasema tutaletewa. Wewe utaleta?”

Nilimwahidi kwamba nitaleta, na ahadi hiyo nitairudia chini. Jioni darasani mwalimu aligundua kwamba karibu kila mmoja wetu alikuwa amekutana na swali la namna hiyo, na mjadala uliofuata ulikuwa mkali kuliko yote. Alitutajia filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, iliyofika kwenye uteuzi wa tuzo za Oscar, na ambayo Rais Kikwete aliikosoa hadharani mwaka 2006 kwamba inaharibu sifa ya nchi. Darasa liligawanyika: wengine walisema mtayarishaji hana deni kwa sifa ya mji, wengine wakasema ana deni kwa watu aliowaonyesha uso. Mwalimu hakutupatanisha. Alitupa fomu ya ridhaa tuisome, akatuonyesha kwamba sahihi ya mtu asiyejua filamu itaonyeshwa wapi wala kwa nani ni karatasi tu, na kwamba maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa anayetia sahihi, ikibidi yarekodiwe kwa sauti. Akasema pia kwamba filamu iliyo nzuri huonyeshwa kwanza kwa waliomo ndani yake kabla ya mgeni yeyote kuiona. Naomba msomaji aliweke moyoni neno hilo la mwisho.

Kuanzia siku ya tano mafunzo yalishuka. Kamera zilikuwa mbili kwa watu 13, stendi moja kati yake haikusimama sawa, na maikrofoni ya kubana kwenye nguo ilikuwa moja tu, tena bila manyoya ya kuzuia upepo. Anayelijua ziwa letu anajua upepo wa mchana. Anajua pia boti za injini zinazoingia na kutoka Kibirizi kutwa. Theluthi moja ya mahojiano yetu haikusikika vizuri. Filamu ya hali halisi husamehewa picha iliyotikisika, lakini maneno ya mzee yaliyomezwa na upepo hayana dawa, na kwa mafunzo yanayojiita ya utayarishaji ni kosa kubwa kutotenga hata nusu siku kwa ajili ya sauti: namna ya kusikiliza kwa vifaa vya masikioni wakati wa kurekodi, namna ya kuchagua mahali, na umuhimu wa kurekodi utulivu wa mahali penyewe kwa dakika moja ili mhariri awe na cha kuunganishia. Haya niliyajua kwa sababu ya redio, nikawaeleza waliokaa karibu nami wakati wa chai. Siku tatu za uhariri zilikwenda kwa kubahatisha, kwa kuwa kompyuta nyingi tulizoletewa zilikuwa dhaifu kwa programu tuliyopewa, na umeme ulikatika mara mbili.

Asubuhi ya siku ya tisa ndipo tulipofika kwenye kile ambacho kijana wa Kigoma angekiuliza kwanza: mtu anaishije kwa kazi hii? Hapa namsifu mwalimu kwa ukweli wake na nawalaumu waandaaji kwa muda walioupanga. Alitueleza bila kuona haya kwamba kati ya filamu yake moja na nyingine huishi kwa harusi, kwa video za miradi ya mashirika, na kwa kuwapokea watengenezaji filamu wageni wanaokuja Gombe na ziwani, ambao huhitaji mtu wa kuwatafutia vibali, boti, wakalimani na malazi. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo aliyoisifu kama shule, kwa sababu anayeifanya hujifunza bajeti za watu wakubwa akiwa ndani. Alitutahadharisha kuhusu video za miradi: zinalipa, nazo hazina aibu, ila anayelipa hutaka mradi wake uonekane umefaulu, na mtayarishaji aliyezoea kupendeza mlipaji hupata taabu siku atakapotaka kuuliza swali gumu. Kisha, kwa saa moja na nusu iliyobaki, majina yalimiminwa kama mvua ya masika: mfuko wa filamu wa Docubox wa Nairobi ulioanzishwa na Judy Kibinge, mfuko wa Bertha ulio chini ya IDFA, tamasha la filamu za hali halisi la Amsterdam, tamasha kama hilo la Hot Docs la Toronto, Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa hapa nchini unaotoa mikopo. Hatukufungua fomu hata moja. Fomu nyingi za mifuko ya nje huandikwa kwa Kiingereza, huuliza andiko la filamu, bajeti, na dakika chache za mfano wa picha zilizokwisha kurekodiwa, na mtu asiyewahi kuiona hata moja hataanza kuijaza peke yake akiwa Gungu usiku. Nusu siku hiyo ingekuwa siku mbili, na siku hizo mbili zingetolewa kwenye uhariri, ambao kijana mwenye kompyuta nzuri anaweza kujifunza nyumbani.

Nikilinganisha nilicholipa na nilichopata, siku nne za kwanza zilistahili fedha yote, na ningelipa tena kwa ajili yake peke yake. Siku sita zilizofuata zilistahili labda nusu ya bei. Kwa mwandishi wa habari, mwalimu, au mtu wa shirika aliyezoea watu lakini hajui taratibu, naona faida ni kubwa. Kwa anayetaka kunoa mkono wa kamera ningemshauri abaki na fedha yake, amtafute mpiga picha mzuri wa hapo mjini na kumbebea stendi kwa miezi mitatu.

Nabaki na ile ahadi. Ratiba ilitutaka tukabidhi filamu zetu saa sita mchana siku ya kumi, na saa kumi jioni zikaonyeshwa ukutani mbele ya wageni waalikwa, wakiwamo viongozi wawili na watu wa mashirika. Hapakuwa na saa hata moja iliyotengwa ya kurudi Kibirizi kuwaonyesha wenyewe kwanza. Nilimwuliza mwalimu kwa faragha, naye akakiri kwamba aliomba siku hiyo iongezwe ikakataliwa kwa sababu ya kodi ya ukumbi. Filamu yangu ya dakika sita ilipigiwa makofi, hasa pale ambapo sauti yangu inasema kwamba mama huyu ni mfanyabiashara aliyesomesha watoto kwa dagaa wake.

Jumatatu iliyofuata nilichukua kompyuta, nikaenda. Mama alitazama mara mbili, akaita na mjukuu wake aje atazame, kisha akaniambia kwa upole, “Picha nzuri, mwanangu. Lakini hawa dagaa si wangu. Mimi naanika kwa ujira. Mwenye mzigo yuko Mwanga. Wangu walikuwa zamani.” Daftari langu la siku ya nne lilikuwa na neno hilo la ujira, nililiandika mwenyewe, na katika haraka ya uhariri nililiruka. Nilirekodi upya maelezo usiku uleule, nikampelekea nakala kwenye simu ya mjukuu wake, na nyingine nikawapa waandaaji. Nimepita ofisini kwao mara mbili tangu hapo. Anayekwenda kujiandikisha kwa awamu ijayo bado anaonyeshwa ile ya kwanza.